Mwanao akikataa sahani, usiharakishe kumwachisha ziwa

Ni saa moja na nusu jioni. Umeshuka kwenye matatu pale Kawangware miguu ikikuuma, kwani msongamano wa magari ulianzia katikati ya jiji ukakufuata hadi Valley Road na kuendelea. Kabla hujaweka mkoba chini, mwanao wa mwaka mmoja na nusu amekwisha kukurukia na kuanza kuvuta blauzi. Mezani kuna sahani ya wali na ndengu iliyopakuliwa tangu saa kumi na mbili. Ameonja kijiko kimoja akakitema. Yaya anakwambia, "Mama, mtoto leo hajala kitu." Unaketi, unamnyonyesha, naye anatulia. Usiku anaamka mara nne kunyonya. Asubuhi uji unapoletwa, anageuza uso.

Hapo ndipo ushauri huanza kumiminika. Jirani anasema umwachishe mara moja, akikosa titi atakula tu. Mama mkwe anapendekeza upake shubiri au pilipili. Mwenzako kazini anadai kuwa mtoto akishatimiza mwaka mmoja maziwa ya mama hugeuka kuwa maji matupu. Ukisikiliza wote utachanganyikiwa.

Je, ni kweli kwamba kunyonya ndiko kunakomfanya mtoto akatae chakula? Na ukimwachisha, je, atakula? Katika makala haya tutaeleza kinachotokea katika mwili na akili ya mtoto wa umri huu, na hatua ambazo mama anayefanya kazi mjini na kuishi Kangemi, Riruta, Dagoretti au Uthiru anaweza kuchukua bila kumnyima mwanawe ziwa na bila vita mezani.

Maziwa ya mwaka wa pili si maji

Tuanze na dai la kwamba maziwa ya mama hupoteza nguvu baada ya mwaka mmoja. Dai hili si la kweli. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka 2 au zaidi. Hata katika dini ya Kiislamu, kipindi kinachotajwa kwa mzazi anayetaka kukamilisha unyonyeshaji ni miaka miwili kamili.

Ushauri huo una sababu. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili huhitaji takriban kalori 900 kwa siku. Akinyonya kwa kiwango cha kawaida, maziwa ya mama humpa kama kalori 350 kati ya hizo, yaani zaidi ya theluthi moja. Kalori 550 zilizobaki hazina budi kutoka kwenye sahani. Isitoshe, maziwa hayo bado yana protini, mafuta, vitamini A na chembechembe za kumkinga mtoto dhidi ya magonjwa. Mtoto akishikwa na homa au kuhara na kukataa kila kitu, mara nyingi titi ndilo jambo la pekee analokubali, na ndilo humwokoa asikaukiwe na maji mwilini.

Zingatia hesabu hiyo kwa makini kwa sababu ndiyo kiini cha makala haya. Ziwa hutoa theluthi, sahani hutoa theluthi mbili. Anayesema ziwa halina maana amekosea. Anayesema kuwa maadamu mtoto ananyonya hana haja ya kula amekosea vilevile.

Kwa nini anachagua chakula?

Mzazi mwingi hushtuka kuona mtoto aliyekuwa akila kila kitu alipokuwa na miezi 8 sasa anabagua. Hata hivyo, jambo hili ni la kawaida, na hutokea hata kwa watoto walioacha kunyonya zamani.

Kwanza, kasi ya kukua hupungua. Katika mwaka wa kwanza mtoto huongeza uzito wake wa kuzaliwa karibu mara tatu; aliyezaliwa na kilo 3 hufika kilo 9 hivi. Katika mwaka wa pili huongeza kilo 2 hadi 3 tu. Mwili unaokua polepole zaidi hauhitaji chakula kwa pupa ileile, na hamu ya kula hushuka.

Pili, mtoto aliyeanza kutembea amegundua kwamba ana miguu na ana neno "sitaki". Dunia ina mambo mengi ya kupendeza kuliko kukaa mbele ya bakuli.

Tatu, huu ndio umri ambapo watoto huanza kuogopa chakula wasichokijua. Kitu kipya, au kitu cha zamani kilichopikwa kwa namna mpya, hukitazama kwa shaka. Wataalamu wa lishe wamegundua kuwa mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8, mara 10 au zaidi kabla ya kukikubali. Mzazi anayepika terere mara mbili, likakataliwa, akaamua kwamba "huyu hapendi mboga", ameacha mapema mno.

Nne, tumbo lake ni dogo. Tumbo la mtoto hubeba kadiri ya gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 basi ana nafasi ya gramu 300 hivi kwa mlo mmoja, kikombe kimoja na kitu kidogo juu. Nafasi hiyo ikijazwa uji mwepesi au chai ya maziwa, hakuna pa kuweka chakula cha maana.

Saa za mjini na tumbo la mtoto

Sasa tutazame maisha yalivyo. Mama anayefanya kazi katikati ya jiji huondoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili aukwepe msongamano wa Waiyaki Way au Ngong Road. Hurudi gizani. Kwa saa kumi na mbili au kumi na tatu mtoto hamwoni mamake. Anapomwona, hulipiza: hunyonya jioni nzima na usiku kucha.

Huu si ukaidi. Mtoto amehamisha tu chakula chake kutoka mchana hadi usiku. Anatafuta maziwa, lakini pia anamtafuta mama. Matokeo yake ni kwamba kalori alizopaswa kuzipata kwenye sahani anazipata kwenye titi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri, na asubuhi anaamka ameshiba. Uji unaletwa, anaukataa. Saa nne njaa inamshika, anapewa biskuti na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari ili anyamaze. Saa saba, chakula cha mchana kinamkuta tumbo limejaa chai. Jioni mama anarejea, na mzunguko unaanza upya.

Utaona basi kwamba mara nyingi mhalifu si ziwa lenyewe bali saa za kunyonya, pamoja na vitu vidogovidogo vya kujaza tumbo mchana. Ndiyo maana kumwachisha ghafla mara nyingi hakuleti nafuu. Mama anaondoa theluthi moja ya chakula cha mtoto, na kile kinachojaza nafasi hiyo si ndengu wala mayai bali chai na biskuti zaidi.

Kuna historia inayotuonya juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1930, daktari Cicely Williams aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika kuhusu watoto wadogo waliovimba miguu na nywele zao kubadilika rangi. Wengi walikuwa wameachishwa ziwa na kulishwa mahindi matupu. Aliutambulisha ugonjwa huo kwa ulimwengu kwa jina ambalo wenyeji wa kabila la Ga waliuita: kwashiorkor, maana yake ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Wazee hao walikuwa wameona jambo ambalo hospitali hazikuwa zimeliona, kwamba mtoto anayeng'olewa kwenye titi bila chakula bora mkononi yumo hatarini.

Pengo ambalo ziwa haliwezi kuziba

Ikiwa ziwa lina faida zote hizo, kwa nini tusimwache mtoto anyonye tu mpaka atakapojisikia kula? Jibu ni moja: madini ya chuma.

Chuma ndicho hutengeneza damu na kusaidia ubongo kukua. Mtoto huzaliwa na akiba aliyoipata tumboni mwa mamake, na akiba hiyo huanza kuisha baada ya kama miezi 6. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu huhitaji takriban miligramu 7 za chuma kwa siku. Lita nzima ya maziwa ya mama haina hata nusu miligramu. Hata mama ale vizuri namna gani, hesabu hiyo haibadiliki. Maziwa ya ng'ombe nayo yana chuma kidogo vilevile, na yakizidi vikombe viwili kwa siku humshibisha mtoto na kumzuia kula.

Hapa kuna mtego ambao wazazi wengi hawaujui. Mtoto aliyepungukiwa na chuma hupoteza hamu ya kula. Kadiri anavyokosa kula, ndivyo chuma kinavyozidi kupungua. Na kadiri kinavyopungua, ndivyo anavyozidi kukataa chakula na kung'ang'ania titi. Watu husema ana madeko kumbe anaumwa. Mtazame viganja na sehemu ya ndani ya kope la chini: je, zimepauka? Je, anachoka upesi, au amezoea kula udongo na kulamba ukuta? Dalili hizo zahitaji kupimwa damu kliniki. Usimnunulie dawa ya kuongeza damu dukani kwa kukisia, kwani chuma kikizidi ni sumu kwa mtoto.

Chuma kinapatikana wapi? Si lazima uingie maduka makubwa ya Westlands au Lavington. Soko la Kawangware, la Kangemi au la Toi lina kila kitu:

- Omena. Zioshe vizuri, zikaange kavu hadi zikauke, uzisage na kuuhifadhi unga wake. Kijiko kimoja ukikoroga kwenye viazi au mchuzi, mtoto mchaguzi hata hatatambua.
- Maini. Kipande kidogo kilichopikwa kikaiva na kupondwa, mara moja kwa wiki, kinatosha.
- Nyama ya kusaga na kuku. Hata vijiko viwili husaidia. Mpe nyama yenyewe. Mchuzi mtupu hauna chuma cha kutosha.
- Ndengu, maharagwe, kunde na njahi. Zilowekwe usiku kucha, zipikwe hadi zilainike, zipondwe.
- Terere, managu na mboga nyingine za majani mabichi. Zikatwe ndogondogo na zisichemshwe kupita kiasi.

Chuma cha maharagwe na mboga hakiingii mwilini kwa urahisi kama cha nyama. Lakini ukikiandamanisha na kitu chenye vitamini C, kinaingia zaidi. Nyanya mbichi iliyokatwa, kipande cha chungwa, papai au matone ya limau juu ya ndengu yanatosha. Uji uliochachushwa nao huachilia chuma vizuri kuliko uji wa kawaida. Kinyume chake ni chai. Majani ya chai hushika chuma na kukizuia kuingia katika damu. Kikombe cha chai ya maziwa pamoja na chakula, desturi iliyoenea sana majumbani mwetu, humnyima mtoto mara mbili: hujaza tumbo na hufukuza chuma. Mtoto wa umri huu hana haja ya chai hata kidogo.

Chakula kwanza, ziwa baadaye

Tumefika kwenye utaratibu wenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anafaa kupata milo mitatu au minne kwa siku, na vitafunio mara moja au mbili katikati. Kila mlo uwe robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Kanuni ni kumnyonyesha baada ya chakula, si kabla yake, na kuacha kama saa mbili kati ya kunyonya na mlo unaofuata.

Kwa mama anayekwenda kazini, siku inaweza kupangwa hivi:

Alfajiri kabla ya kuondoka, mnyonyeshe. Kifungua kinywa akipewe na yaya kama saa mbili, wakati maziwa yameshateremka: uji mzito, usiotiririka kwenye kijiko, uliotiwa maziwa, au yai na kipande cha kiazi kitamu. Saa nne apewe tunda, ndizi au parachichi. Saa saba apewe chakula cha mchana chenye maharagwe, nyama au omena. Saa kumi apewe kitu kidogo tena. Saa kumi na mbili na nusu, kabla hujafika, apewe chakula cha jioni. Ukifika, mnyonyeshe atakavyo, bila haraka. Sasa ziwa ni kitulizo na nyongeza, wala halishindani na sahani.

Ukifika nyumbani ukute hajala, usimpe titi wala usimnyime kwa ukali. Mbebe, mzungumzie, ukae naye mbele ya sahani ukila pamoja naye. Vijiko vitano au sita vikiingia, mpe ziwa. Baada ya siku kadhaa ataelewa utaratibu.

Usiku ndiko kwenye kazi kubwa. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, mwenye afya na uzito mzuri, anaweza kupunguziwa kunyonya usiku polepole. Anza na mara moja tu, ile ya katikati ya usiku. Mpe maji kidogo kwenye kikombe, mpapase mgongo, au baba ndiye aamke kumbembeleza kwa sababu harufu ya maziwa haiko kwake. Siku tatu nne za mwanzo atalia. Ikiwa mtoto ni mgonjwa au uzito wake umepungua, usijaribu jambo hili kwanza, nenda kliniki.

Msisahau mwisho wa wiki. Akina mama wengi huona kwamba mtoto hula kwa yaya au katika nyumba ya kulelea watoto, lakini Jumamosi na Jumapili anapokuwa na mama hanyanyui kijiko. Sababu ni kuwa titi lipo karibu kutwa. Fuata saa zilezile za siku za kazi. Kadhalika, muulize anayemlea mtoto si kama amekula bali amekula nini, saa ngapi, na kiasi gani. Jibu la "amekula vizuri" linaweza kuwa na maana ya pakiti mbili za biskuti. Muulize kwa heshima, kwani yeye ndiye mshirika wako, na umwachie chakula kilicho tayari kupashwa moto.

Usimlishe kwa nguvu

Katika nyumba nyingi mtoto hushikwa mikono, pua hubanwa, na uji hutiwa kinywani kwa lazima. Desturi hii ni hatari. Mtoto anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni. Na hata asipopaliwa, anajifunza kwamba kula ni mateso, na kesho ataanza kulia akiiona bakuli.

Gaweni kazi. Wewe mzazi uamue chakula gani, saa ngapi na mahali gani. Mtoto naye aamue kiasi. Mpe sahani yake mwenyewe, umwache ajilishe kwa mikono, hata akichafua sakafu. Weka kitu kimoja anachokipenda kando ya kitu kimoja kipya. Dakika thelathini zikiisha, ondoa sahani bila maneno makali wala kumpa biskuti badala yake. Zima runinga na uweke simu mbali. Watoto huiga, akikuona unakula sukuma wiki kwa furaha, siku moja mkono wake utafika kwenye sahani yako.

Usimpe karanga nzima, peremende ngumu wala soseji zilizokatwa mviringo, kwani zinaweza kumkaba. Soda, juisi za rangi na krips za mfukoni ziache dukani. Wahenga walisema mteuzi haishi tamaa. Mtoto aliyezoea utamu wa dukani atazidi kuchagua. Meno nayo yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala.

Wakati wa kwenda kliniki

Kuchagua chakula kwa kawaida hakumpunguzi mtoto uzito. Njia ya kujua si kumtazama kwa macho wala kumlinganisha na mtoto wa jirani, bali ni kumpima. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto ulichopewa kliniki kina mchoro wa kukua. Wazazi wengi hukitupa kabatini baada ya chanjo ya mwisho, ilhali mwaka wa pili ndio unapohitajika. Ikiwa mstari wa mwanao unapanda sambamba na ile iliyochorwa, tulia. Ukilala bapa miezi miwili au mitatu mfululizo, au ukishuka, nenda.

Vituo vya afya vya Riruta, Kangemi, Waithaka na Westlands viko karibu na wakazi wa upande wa magharibi, na hospitali ya Mbagathi au Hospitali Kuu ya Kenyatta hupokea kesi nzito zaidi. Mhudumu wa afya ya jamii mtaani kwako pia anaweza kumpima mkono kwa utepe. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mkono wake wa juu una mzunguko wa chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo na anahitaji msaada. Chini ya sentimita 11.5 ni hali ya hatari, na hatua ichukuliwe siku hiyohiyo. Kadhalika, uvimbe wa miguu yote miwili ni dalili ya kwashiorkor, hata mtoto akionekana mnene.

Peleka mtoto pia ikiwa anapaliwa au kutapika kila anapokula, ana vidonda mdomoni, anaharisha mara kwa mara au hakubali chochote kisicho maji. Muulize muuguzi kuhusu vitamini A, ambayo mtoto hupewa kila miezi 6 hadi atimize miaka 5, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Taifa bado lina kazi ya kufanya: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ijapokuwa kiwango kilikuwa asilimia 26 mwaka 2014.

Mimba mpya na virusi vya Ukimwi

Je, mama akishika mimba nyingine, maziwa yake yanamdhuru mtoto anayenyonya? Hapana. Mimba haiyatii maziwa sumu. Huenda yakapungua na ladha ikabadilika, na watoto wengine hujiachisha wenyewe. Ikiwa mimba inaendelea salama unaweza kunyonyesha, ila mweleze muuguzi, hasa kama uliwahi kupoteza mimba au kujifungua kabla ya wakati. Wewe mwenyewe ule zaidi.

Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi naye hana sababu ya kukata tamaa. Tangu mwaka 2016, mwongozo wa WHO unasema kuwa mama anayemeza dawa zake bila kukosa anaweza kunyonyesha hadi miezi 24 au zaidi. Sharti ni dawa za kila siku na mtoto kupimwa kwa ratiba ya kliniki.

Macho ya watu

Kuna jambo jingine ambalo humfanya mama amwachishe mtoto kabla ya wakati: aibu. Mtoto mchanga akinyonyeshwa ndani ya matatu hakuna anayeshangaa. Mtoto mwenye meno anayeomba titi kwa sauti kituoni pale Kencom hufanya shingo zigeuke. Mnamo Mei 2018 akina mama waliandamana katikati ya jiji la Nairobi baada ya mwenzao kulalamika kwamba alizuiwa kunyonyesha mkahawani. Walisema wazi kwamba kulisha mtoto si jambo la kufichwa msalani.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamua maziwa kazini, na kumpa mama muda wa kufanya hivyo, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Mama wa mtoto wa mwaka na nusu si lazima akamue kazini; kunyonyesha asubuhi na jioni kunatosha kuendeleza maziwa. Lakini ni vyema ujue haki yako.

Siku ya kuachisha ikifika

Siku hiyo itafika, na ni wewe na mwanao mtakaoichagua. Usipake pilipili, wala usimpeleke ghafla kwa nyanya yake mashambani ili asahau. Atapoteza titi na mama siku moja, na wewe utabaki na matiti yaliyovimba na kuuma. Punguza mara moja kwa kila siku chache, ukianza na ile anayoitamani kidogo kuliko zote. Weka kitu kingine mahali pake: kikombe cha maziwa, hadithi, kubebwa. Mara ya kulala iwe ya mwisho kuondolewa.

Kwa leo jioni, ukishuka kwenye matatu, anza na jambo moja tu. Mwagize yaya asimpe chai mchana, na chakula cha jioni kitangulie kabla hujafika. Kisha umpokee mwanao mlangoni, uketi, umnyonyeshe. Baada ya wiki mbili mpime uzito na utazame mchoro kwenye kijitabu. Mchoro huo utakupa jibu la uhakika kuliko jirani yeyote.